Anayekubali Kuulizwa: Tabia ya Kiongozi wa Kanisa la Kikristo

Kila kanisa linapotafuta mchungaji, askofu, mzee au shemasi hukabiliwa na swali ambalo vyeti vya chuo na ufasaha wa mimbarani haviwezi kulijibu, nalo ni hili: mtu huyu huwa mtu wa namna gani anapopata uwezo juu ya wengine na hakuna aliye karibu wa kumzuia? Swali hilo lina umri sawa na kanisa lenyewe, lakini katika Afrika Mashariki limepata uzito wa kutisha ndani ya kizazi kimoja. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, na mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyofikia zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako, kwa mujibu wa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, wafuasi wa mhubiri mmoja walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Serikali zimejaribu kujibu kwa njia zilizo ndani ya uwezo wake. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wanaosimamia mahubiri wawe na shahada ya theolojia, yaani elimu ya juu inayochunguza kwa utaratibu mafundisho juu ya Mungu na imani. Hatua ya namna hiyo ina faida yake, kwa kuwa ujinga wa Maandiko umewapoteza wengi. Hata hivyo sheria huweza kukagua cheti, na haina chombo cha kukagua moyo. Kazi ya kuitambua tabia imebaki mikononi mwa kanisa, na kanisa haliwezi kuikabidhi kwa mwingine.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifa ambazo Agano Jipya linazidai kwa kiongozi, ingawa ni nyingi na zinahusu mambo mbalimbali, zote ni sifa ambazo watu wengine wanaweza kuziona, kuzishuhudia au kuzikanusha, na kwa sababu hiyo sifa inayozishikilia nyingine zote ni utayari wa kiongozi kuulizwa na kutoa jibu. Mtu asiyeulizika hawezi kusemwa kwa hakika kuwa mwaminifu, mpole au mwenye kiasi, kwa maana hakuna aliyepata nafasi ya kujua.

Kabla ya kuendelea inafaa majina ya vyeo yaelezwe. Askofu ni mwangalizi, mzee ni mshauri na msimamizi wa kusanyiko, na shemasi ni mhudumu, hasa wa mahitaji ya maskini. Katika karne ya kwanza mipaka kati ya vyeo hivyo haikuwa imara, kwa kuwa katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume watu wale wale wa Efeso wanaitwa kwanza wazee, kisha waangalizi. Siku hizi Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wana maaskofu juu ya mapadri au wachungaji, Wapresbiteri huongozwa na mabaraza ya wazee, na katika makanisa mengi ya Kipentekoste mamlaka yako kwa mchungaji kiongozi, ambaye mara nyingi ndiye mwanzilishi. Neno kiongozi hapa linawahusu wote hao.

Je, tabia ya kiongozi ina umuhimu gani?

Swali hili si la kupita haraka, kwa sababu kanisa lenyewe liliwahi kutoa jibu ambalo kwa mtazamo wa juujuu linaonekana kuidharau tabia. Mateso ya Kaisari Diokletiano yalipoanza mwaka 303, maofisa wa dola walidai Maandiko Matakatifu yasalimishwe ili yachomwe, na baadhi ya maaskofu wakayasalimisha. Baada ya mateso kutulia, Wakristo wengi wa Afrika ya Kaskazini walikataa kumtambua Kaisiliani, askofu mpya wa Karthago, wakidai kwamba Feliksi wa Aptunga, mmoja wa waliomwekea mikono, alikuwa miongoni mwa waliosalimisha vitabu. Kundi hilo, lililokuja kuitwa Wadonatisti kwa jina la kiongozi wao Donato, lilishikilia kwamba sakramenti, yaani ishara takatifu kama ubatizo na Chakula cha Bwana ambazo kwazo kanisa huamini kwamba Mungu hutoa neema, hazina nguvu zikitolewa na mikono iliyochafuka. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314, na baada yake Agostino, askofu wa Hippo, walilikataa fundisho hilo kwa hoja kwamba neema ni ya Kristo mwenyewe, na kwa hiyo ubatizo uliotolewa na mhudumu mwenye dhambi ni ubatizo kamili.

Wako waliochukua jibu hilo na kulifanya kinga ya viongozi waovu, kana kwamba kanisa limeamua kuwa maisha ya padri au mchungaji hayamhusu mtu. Hilo ni kosa la kuielewa hoja kinyume. Fundisho la Agostino linamlinda muumini. Linamwambia mama aliyemleta mtoto wake kubatizwa kwamba hana sababu ya kuhangaika baadaye akisikia habari mbaya za aliyebatiza. Kiongozi mwenyewe halimpi ruhusa yoyote, wala halimpunguzii hukumu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kazi ya uongozi si kutoa sakramenti. Kusikiliza wanandoa waliokosana, kupatanisha ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao, kutunza sadaka, kufundisha vijana, kumtembelea mjane asiye na wa kumsemea, yote hayo ni matendo ambayo hayana ahadi ya kufaulu pasipo imani ya watu kwa yule anayeyatenda.

Hapo ndipo uzito wa tabia unapoonekana. Hakimu akiwa na tabia mbaya bado ana polisi na gereza nyuma ya neno lake, na mkurugenzi wa kampuni ana mshahara wa kutoa au kuzuia. Mchungaji kwa kawaida hana nguvu ya namna hiyo. Watu humfuata kwa sababu wanamwamini, na wanamwamini kwa sababu ya jinsi wanavyomjua. Kwa hiyo tabia ndiyo zana yake ya kazi, na yule anayeipoteza amepoteza uwezo wa kuifanya kazi hiyo hata kama bado ana joho, ofisi na mhuri.

Orodha ya nyaraka za kichungaji

Orodha zinazojulikana zaidi za sifa za kiongozi zimo katika nyaraka zinazoitwa za kichungaji, yaani barua zilizoandikwa kwa Timotheo na Tito kuhusu utaratibu wa makanisa, hasa katika sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo na sura ya kwanza ya Waraka kwa Tito. Msomaji anayezisoma kwa mara ya kwanza akitarajia kukuta masharti ya miujiza, maono au sala za usiku kucha hushangaa kukuta mambo ya kawaida kabisa: kiongozi asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, awe na kiasi, awe mkarimu kwa wageni, aitunze nyumba yake vyema, na asemwe vizuri na watu walio nje ya kanisa. Kati ya sifa zote hizo, ujuzi unaotajwa waziwazi ni mmoja tu, nao ni uwezo wa kufundisha.

Wataalamu wameona kwamba orodha hizo zinafanana sana na zile zilizotumiwa na wasomi wa Kiyunani na Kirumi wa wakati huo. Onasander, aliyeandika katika karne ya kwanza kitabu juu ya amiri jeshi anayefaa, alitaka amiri awe mwenye kiasi, mvumilivu wa kazi, asiyependa fedha, mwenye ufasaha na mwenye sifa njema. Ufanano huo haupunguzi thamani ya nyaraka za kichungaji. Badala yake unaeleza nia yake. Mwandishi anataka kiongozi wa kanisa afikie kwanza kiwango ambacho hata wasioamini wanakijua na kukiheshimu, ili kanisa lisije likawa mahali ambapo watu wanavumilia tabia ambazo sokoni au barazani zisingevumiliwa. Kusanyiko linalomtetea kiongozi anayekopa bila kulipa, kwa sababu eti ana karama, limeteremka chini ya uadilifu wa majirani zake wasiokwenda kanisani.

Neno karama linahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo makosa mengi ya uchaguzi yanapoanzia. Karama ni kipawa ambacho Mungu humpa mtu kwa ajili ya kuwajenga wengine, kama vile kufundisha, kuponya au kutabiri. Kipawa huweza kutolewa mara moja na huweza kukaa ndani ya mtu ambaye tabia yake haijakomaa. Tabia hujengwa polepole kwa mazoea ya kila siku. Paulo alilijua jambo hilo alipowaandikia Wakorintho, ambao hawakupungukiwa na karama yoyote na papo hapo walikuwa na mafarakano, kesi mahakamani na zinaa. Kipawa kinachoonekana Jumapili kwa hiyo hakitoshi kuwa ushahidi wa utu unaoishi Jumatatu.

Mashahidi watatu: nyumba, jirani na wakati

Ikiwa tabia haionekani mimbarani, itatafutwa wapi? Nyaraka za kichungaji zinaelekeza kwa mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni nyumba. Sharti la kuwa mume wa mke mmoja limefasiriwa kwa namna kadhaa, wengine wakilielewa kuwa katazo la ndoa ya wake wengi, wengine la kuoa tena, na wengine kuwa ni agizo la uaminifu kwa mwenzi. Fasiri zote, hata hivyo, zinakubaliana kwamba ahadi aliyoitoa mtu mbele ya Mungu kwa mwenzake wa karibu zaidi ndiyo kipimo cha ahadi atakazozitoa kwa kusanyiko. Katika nyumba mtu ana uwezo juu ya walio wadogo kuliko yeye na hana watazamaji wa kumsifu. Namna anavyosema na mkewe, anavyowarudi watoto, anavyomtendea msaidizi wa kazi za ndani na kumlipa ujira wake, ndivyo atakavyowatendea washarika atakapowazoea. Kwa mapadri na watawa wasiooa, kipimo hicho huhamia kwenye maisha ya pamoja ya seminari na jumuiya, na kwa wanawake wanaoshika vyeo vya uongozi katika makanisa yanayowaweka wakfu kipimo ni kile kile. Fibi wa Kenkrea, ambaye Paulo anamtambulisha kwa Warumi kama mhudumu wa kanisa, anasifiwa kwa jinsi alivyowasaidia wengi.

Shahidi wa pili ni jirani, hasa yule asiye wa kanisa hilo. Agizo kwamba kiongozi awe na ushuhuda mwema kwa watu wa nje hufuatwa mara chache sana, kwa sababu kamati za uchaguzi huishia kuwauliza waumini wenzake. Muuza duka wa mtaani, mwalimu wa shule wanakosoma watoto wake, fundi aliyemjengea nyumba, jirani Mwislamu anayepakana naye ukuta, wote hao wana habari ambazo barua ya kumpendekeza haiwezi kuzibeba, kwa kuwa wamemwona akidaiwa, akikasirika na akishindwa.

Shahidi wa tatu ni wakati. Mtu aliyeongoka karibuni hafai kupewa uangalizi, na sababu inayotolewa ni hatari ya kiburi. Mashemasi nao wapimwe kwanza ndipo wahudumu. Wahenga wa Kiswahili waliijua hatari hiyo walipoonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya pili, ulilaumu desturi ya kuwapandisha vyeo watu waliobatizwa muda mfupi tu uliopita. Historia ina kisa kimoja maarufu kinachoonekana kwenda kinyume, cha Ambrosi wa Milano, ambaye mwaka 374 alichaguliwa kwa sauti ya umati kuwa askofu ilhali alikuwa mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa kabla ya ubatizo, akabatizwa na kuwekwa wakfu ndani ya siku chache. Ukichunguzwa vyema, uchaguzi huo unathibitisha kusudi la kanuni. Ambrosi alikuwa gavana wa jimbo hilo, na watu wa Milano walikuwa tayari wamemwona akitumia madaraka makubwa juu yao. Imani yake ilikuwa changa, lakini mwenendo wake katika cheo ulikuwa umeshapimwa. Anayetumia mfano wake kuharakisha kumwinua kijana ambaye hajawahi kusimamia chochote amechukua nusu ya kisa.

Fedha

Hakuna mahali ambapo tabia hufichuka upesi kama kwenye fedha, na ndiyo maana kila orodha ya kale huitaja. Kitabu kiitwacho Didake, mkusanyiko wa maagizo ya kanisa wa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kiliwapa waumini kipimo chepesi cha kuwatambua manabii wasafiri: anayekaa siku tatu, au anayeomba fedha anapoondoka, huyo ni nabii wa uongo. Kipimo hicho kikitumiwa leo, kitafika moja kwa moja kwa wale wanaouza mafuta na maji ya upako, wanaoweka bei ya maombezi, au wanaomwambia mgonjwa kwamba uponyaji wake unasubiri apande mbegu ya kiasi fulani.

Hata hivyo kutopenda fedha si sawa na kutokuwa nazo. Mtendakazi anastahili ujira wake, na kanisa linaloacha familia ya mwinjilisti ilale njaa halina haki ya kumhubiria juu ya tamaa. Sifa inayotafutwa ni uhuru wa ndani mbele ya mali, pamoja na ukubalifu wa kuonyesha hesabu. Samweli, alipozeeka, alisimama mbele ya taifa zima na kuwataka watu waseme kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kupokea rushwa. Paulo, alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alisafiri pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, na anawaeleza Wakorintho kwamba anataka mambo yawe safi machoni pa Bwana na machoni pa watu pia. Mtume mwenyewe alijiwekea wasimamizi ili asipate kushukiwa.

Historia ya Tanzania inatoa funzo linalohusiana na hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi wa chama na serikali kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, au kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa na kikao kilichofanyika Zanzibar. Masharti yale yalikuwa na heshima kubwa, kwa kuwa yalichukulia kwa dhati kwamba cheo ni dhamana. Lakini sheria inayohesabu mali huweza kuondolewa na kikao, na ikiondolewa, kinachobaki ni mtu na tamaa yake au kiasi chake. Kanisa linahitaji vyote viwili, yaani kanuni za fedha zenye wakaguzi na viongozi ambao wangeishi vivyo hivyo hata pasipokuwa na kanuni hizo.

Upole na ujasiri

Waraka wa Kwanza wa Petro unawaonya wazee wasilitawale kundi kwa mabavu, na Injili zinamwonyesha Yesu akiwatofautisha wanafunzi wake na wakuu wa mataifa ambao huwakandamiza watu. Upole unaotakiwa ni nguvu iliyotiwa nidhamu. Kinyume chake kinaonekana katika Waraka wa Tatu wa Yohana, ambako Diotrefe, mtu anayependa kuwa wa kwanza, anawakataa ndugu wageni na kuwafukuza kanisani wanaotaka kuwapokea. Waraka haumshtaki kwa fundisho la uongo. Kosa lake ni la tabia, nalo lilitosha kuliharibu kusanyiko.

Wakati mwingine upole huchanganywa na woga, na kiongozi anayenyamazia kila dhuluma husifiwa kuwa mtu wa amani. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawahukumu wachungaji wa Israeli kwa kujilisha wenyewe na kuwaacha kondoo wararuliwe. Kisa cha Janani Luwum kinaonyesha jinsi sifa hizo mbili zinavyokaa pamoja. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire kuanzia mwaka 1974, wakati Uganda ikiwa chini ya Idi Amin. Mapema Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba yake usiku, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 Februari aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Jambo la kutafakari ni malezi yaliyomwandaa mtu huyo. Luwum aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambalo lilikusanya waumini katika vikundi vidogo vya ndugu waliotubu dhambi zao waziwazi na kuonyana bila kujali cheo. Vikundi hivyo vilikuwa na udhaifu wake, lakini vilimzoesha mtu kusema ukweli juu yake mwenyewe mbele ya wenzake. Aliyezoea kuulizwa na ndugu zake kwa miaka mingi alikuwa na haki, na pia nguvu, ya kumwuliza mtawala.

Kinga ya "mtiwa mafuta"

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii husikika mara kwa mara katika makanisa ya siku hizi. Inasemwa kwamba kiongozi ni mtiwa mafuta wa Bwana na hapaswi kuguswa, na Zaburi ya 105 hutajwa kuwa ushahidi. Zaburi hiyo, ikisomwa yote, inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na ulinzi wakitangatanga kati ya mataifa, na onyo lake linaelekezwa kwa wafalme wenye nguvu ili wasiwadhulumu. Kuligeuza liwe silaha ya mwenye nguvu dhidi ya muumini anayeuliza ni kulipindua. Mfano wa Daudi unafundisha vivyo hivyo: alikataa kumwua Sauli, mtiwa mafuta, ndani ya pango, lakini mara baada ya hapo alimwita kwa sauti, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata na kumtaka aeleze kwa nini anamwinda asiye na hatia. Hakumdhuru, na hakunyamaza. Baadaye, Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na kumtwaa mke wa Uria, nabii Nathani alimkabili, naye akakiri kosa lake.

Ushahidi wa Agano Jipya uko wazi zaidi. Petro aliporudi kutoka nyumbani kwa Kornelio, waumini wa Yerusalemu walimwuliza kwa nini alikula na watu wasiotahiriwa, na yeye, aliyekuwa mstari wa mbele miongoni mwa mitume, hakutaja cheo chake. Aliwaeleza mambo yote kwa utaratibu tangu mwanzo, akitaja na ndugu sita waliofuatana naye. Alipokosea huko Antiokia kwa kujitenga na Wakristo wa mataifa, Paulo alimpinga mbele ya wote. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unaweka utaratibu wenye haki kwa pande zote mbili: shtaka dhidi ya mzee lisipokelewe pasipo mashahidi wawili au watatu, ili asiharibiwe na uvumi, na wazee wanaothibitika kudumu katika dhambi wakemewe hadharani, ili cheo kisiwe maficho.

Kutokana na hayo inafaa pia kutenganisha msamaha na cheo. Kiongozi aliyeanguka na kutubu husamehewa kama muumini mwingine yeyote, wala hakuna anayepaswa kumfungia mlango wa ibada. Lakini kurudishwa kwenye uangalizi wa watu ni suala jingine, linalotegemea uaminifu uliojengwa upya na kuonwa, na kwa makosa fulani, hasa dhidi ya watoto na wanyonge, halipaswi kutokea kamwe. Kuwasahau walioumizwa kwa haraka ya kumrejesha aliyewaumiza ni upendo unaoelekea upande mmoja.

Wajibu wa wanaochagua

Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alipowaandikia Wakristo wa Hispania waliokuwa na maaskofu wawili walioikana imani wakati wa mateso, alisisitiza kwamba kiongozi achaguliwe mbele ya watu wanaoyajua maisha yake kikamilifu, na kwamba kusanyiko linaloendelea kumfuata asiyestahili lina sehemu katika kosa lake. Fundisho hilo linauhamisha mzigo. Waumini wamezoea kulalamika juu ya viongozi kana kwamba waliletwa na upepo, ilhali wengi walipigiwa kura, walishangiliwa na kujazwa fedha na wale wale wanaolalamika. Kampeni za uaskofu zinazoendeshwa kwa ukabila, kwa bahasha na kwa ahadi za vyeo hutoa maaskofu wanaofanana nazo.

Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa kuanzia mwaka 590, katika kitabu chake juu ya kazi ya uchungaji alitambua makosa mawili yanayokabiliana: wako wanaokimbilia uongozi bila kuufaa, na wako wanaoufaa lakini wanaukwepa kwa kupenda utulivu wao. Wanaochagua hawana budi kuwa na macho kwa pande zote mbili. Mtu anayekitamani cheo kwa bidii nyingi achunguzwe sana, na mwanamke au mwanamume ambaye amewalea wengine kwa miaka kadhaa bila jina la uongozi aitwe, hata kama hakujitokeza.

Katika kuchunguza, maswali ya kufaa ni yale yanayoweza kujibiwa na mashahidi. Je, waliowahi kufanya kazi chini yake wanasema nini juu yake? Je, kuna hesabu aliyowahi kuitunza, na ilikaguliwa na nani? Alipokosea mara ya mwisho, ni nani alimwambia, naye alimjibuje? Je, ana rafiki asiyemwogopa? Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana kiongozi ambaye wote wanaomzunguka ni wafuasi, waajiriwa au jamaa zake ameshajenga ukuta, hata kama bado hajafanya lolote baya nyuma yake. Kanungu na Shakahola zilitanguliwa na miaka ya kujitenga: wafuasi waliwekwa mbali na jamaa na majirani ambao wangeuliza.

Kwa hiyo kanisa linalotaka viongozi wenye tabia njema halitawapata kwa kusubiri watu wasio na kasoro, kwa kuwa hao hawapo, wala kwa kurundika masharti ya elimu juu ya masharti mengine. Litawapata kwa kuifanya kuuliza kuwa sehemu ya kawaida ya maisha yake, kuanzia jumuiya ndogondogo na vikundi vya vijana hadi sinodi na mabaraza ya maaskofu, ili anayeingia katika uongozi awe amelelewa humo na asilione swali la msharika kuwa tusi. Mchungaji anayeweza kusimama mbele ya mwanakwaya, mlinzi wa kanisa na mjane wa mwisho katika orodha ya washarika, akaulizwa juu ya fedha, maneno na mwenendo wake, akajibu bila hasira, huyo anastahili kukabidhiwa roho za watu. Asiyeweza hivyo asikabidhiwe, hata kama mahubiri yake yanajaza uwanja.